Kiti cha Mbele Kushoto

Siku niliyorudisha kitambulisho getini, binti anayekaa mapokezi sasa alinifuata mpaka nje akaniomba nimwandikie mambo ya kazi. "Hata kurasa mbili tu, Dada. Yale ambayo hayamo kwenye mafunzo." Nimechelewa kwa miezi. Nyumba yangu ya Kinyerezi ina utulivu wa kutosha kuandika kitabu kizima, ila nimegundua kwamba kimya kikizidi mtu unakaa tu unakisikiliza.

Pale karakana kila mtu aliniita Dada, hata waliokuwa wakubwa kwangu. Jina lilitoka nyumbani. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, mama akamfuata kabla ya mwaka kuisha. Tulikuwa wanne, mimi wa kwanza. Niliacha shule, tukapanga chumba kimoja Manzese, nikafua nguo za watu na kukaanga maandazi mpaka wadogo zangu walipoanza kuvaa sare zisizo na viraka. Siku moja mdogo wangu wa mwisho, Tito, alinifuata kazini akiwa na homa, akasimama getini akiita "Dada, Dada." Mafundi wakalidaka.

Nilianza kwa kufagia. Karakana yetu, ya kampuni inayouza magari, ilikuwa upande wa Temeke unaopakana na Vingunguti, kwa hiyo upepo ukigeuka ulituletea harufu ya machinjio, na wateja wageni walidhani ni gari lao. Siku ya kwanza nilikuta oili imemwagika sakafuni nikaifagia. Oili haifagiwi. Unaimwagia maranda ya mbao kwanza, yanainywa, ndipo unazoa. Mimi niliitandaza vizuri kabisa, ikang'aa, na mtu wa kwanza kuteleza alikuwa Mzee Mkude wa mapokezi. Alikaa pale chini akitafuta miwani yake, miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea viti.

"Binti," aliniambia, "umesoma?"

"Kidato cha pili, mzee. Sikumaliza."

"Inatosha kusoma neno maranda. Limeandikwa kwenye lile pipa."

Macho yake yalikuwa yanafifia. Baada ya mwaka mmoja alianza kuniita nimwandikie kadi za kazi, zile tunazojaza gari likiingia: namba ya gari, namba ya chesesi, mafuta yaliyomo, na malalamiko ya mwenye gari. Kufika mwaka wa tatu ufagio alikuwa nao mtu mwingine.

Mzee Mkude alikuwa na masharti mawili, nami nayaacha hapa kama alivyoniachia. La kwanza, andika maneno ya mwenye gari, usiandike ya kwako. Kuna dereva wa lori aliyekuja akisema, "Gari linanikimbia mkono wa kushoto likishiba." Fundi mmoja alicheka akataka niandike tu kwamba matairi yapimwe yanavyokaa. Niliandika "likishiba." Walipima matairi, hawakuona kitu, wakamrudishia gari, likamkimbia tena. Mara ya pili fundi mkuu akasoma kadi, akaliuliza lile neno, akalipakia lori mchanga. Springi ya kushoto ilikuwa imekatika jani moja. Likiwa na njaa lilitembea kama malaika.

Sharti la pili: kabla mwenye gari hajasaini, msomee kadi yote kwa sauti, neno kwa neno. Haijalishi ni msomi au mbeba mizigo. Ukifika mwisho unamuuliza, "Ndivyo?" Unangoja. Akijibu "Ndivyo," ndipo unampa kalamu. Mzee Mkude alisema wengi husahau miwani nyumbani, na wengine hawana cha kusahau, na wote wawili wataona haya kukuambia. Ukiwasomea wote, hakuna anayeaibika.

Nililishika hilo miaka yangu yote pale mapokezi. Nimewasomea wachungaji, wauza nyanya, jaji mmoja aliyekuwa na haraka, na mama mmoja aliyelala katikati ya kadi. Ni fomu moja tu ambayo sikuisoma. Habari hiyo ndiyo nimekuwa nikiizunguka tangu ukurasa wa kwanza.

Bwana Swaleh alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Temeke, duka la baba yake na la babu yake, misumari na rangi na bawaba. Alinunua gari jipya kwetu, la kwanza jipya maishani mwake, kwa sababu mkewe Bi Zuhura alikuwa ameanza kwenda hospitali kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na gari lao la zamani lilikuwa likizimika kwenye foleni. Nilimsomea kadi ya kila sevisi. Alikuwa anasimama wima akisikiliza, mikono nyuma, kama yuko msibani. Nikiuliza "Ndivyo?" alijibu, "Ndivyo, Dada, Mungu akupe koo refu."

Bi Zuhura alibaki garini, kiti cha mbele kushoto, akimenya machungwa. Mwenyewe hakuruhusiwa kuyala, kwa ugonjwa wake. Alikuwa akimmenyea mumewe njiani, kipande kimoja kila wakisimama kwenye taa.

Kisha ukaja wito. Vijana mnaijua miito ya usalama: kiwanda kinagundua kasoro, kinawaita wenye magari wayarudishe yatengenezwe bure. Nimeshughulikia mingi, mingine ya boliti moja tu. Huu ulihusu mfuko wa hewa wa upande wa abiria, ule uliofichwa ndani ya dashibodi ili uvimbe gari likigonga. Kasha lake la chuma lingeweza kupasuka na kumrushia vipande aliyekaa mbele yake. Aya ya mwisho ya barua ilisema spea haijapatikana, haijulikani itapatikana lini, na mpaka hapo mtu yeyote asikae kiti cha mbele kushoto. Kuuchomoa waya wa mfuko huo sisi wenyewe, kiwanda kilikataza.

Pamoja na barua makao makuu walileta fomu, ukurasa mmoja, Kiingereza kitupu. Meneja wa huduma, aliyekuwa rika la Tito, aliziweka mezani kwangu.

"Kila anayekuja asaini, Dada. Ni ya kuthibitisha kwamba ameipata taarifa."

Niliitazama. Maneno ya juu niliyajua: gari, usalama, tarehe. Chini kulikuwa na aya ndefu ambayo ningeweza kuitamka lakini nisingeweza kuieleza. Ningeweza kumuuliza meneja. Angenieleza, hakuwa mtu mbaya. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye meza ile miaka zaidi ya thelathini, na hakuna aliyewahi kuniuliza tena nilisoma mpaka wapi.

Bwana Swaleh alikuwa wa kwanza siku hiyo. "Shikamoo, Bwana Swaleh."

"Marahaba, Dada. Nisomee."

"Hii ni ya kupokea taarifa tu," nikamwambia. "Weka saini hapa."

Alinitazama kidogo. Halafu akasaini, kwa sababu ni mimi niliyemwambia.

Bi Zuhura akahamia kiti cha nyuma, kama barua ilivyoagiza. Kila mwezi walipita kuuliza spea. "Bado," nilijibu. Mwezi wa tatu Bi Zuhura alishusha kioo cha nyuma akaniita.

"Dada, nimepata dereva. Ila hana adabu, hanifungulii mlango."

"Na mie nimepata abiria," akasema Bwana Swaleh, "ananipitishia chungwa pembeni ya kiti kama analipa nauli. Nikigeuka kumjibu, wa nyuma wananipigia honi."

Tulicheka. Lakini nilimwona Bi Zuhura akirudi kujiegemeza kwenye kona, peke yake kwenye kiti cha watu watatu, na nikajua kwamba anayetoka kusafishwa damu anahitaji mtu wa kumshika mkono, siyo wa kumwona kisogo.

Mwezi wa sita Bwana Swaleh aliandika barua. Aliomba moja kati ya mawili: kampuni ilichukue gari na kumrudishia fedha yake, au impe jingine la kutumia mpaka hilo litengenezwe. Majibu yalikuja haraka kuliko spea. Alikuja nayo mezani kwangu, akaiweka juu ya kadi niliyokuwa naandika.

"Wanasema nilikubali kuendelea kulitumia na nikaahidi kutodai chochote. Dada, mie nilisaini hivyo?"

"Niache niangalie," nikasema.

Jioni hiyo nilipiga picha nakala ya fomu nikamtumia Tito, aliyeko Dodoma, mhasibu. Alipiga simu baada ya dakika tano.

"Dada, umemsainisha nini huyu mzee?"

Akanisomea, Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili. Nimearifiwa hatari. Ninaendelea kulitumia gari kwa hiari yangu. Sitaidai kampuni chochote kutokana na kasoro hiyo wala kutokana na kuchelewa kwa matengenezo. Nilimsomesha mtoto huyo kwa maandazi, na sikuwahi kumsikia akisoma kwa upole kama siku ile.

"Nitasema sikumsomea," nikamwambia.

"Umebakiza miaka miwili ustaafu, Dada. Nyamaza. Nani atakutetea? Sie tuko mbali."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, kwa hiyo sikubishana nalo.

Kesho yake nilikwenda dukani kwa Bwana Swaleh nikamwambia yote, nimesimama kati ya makopo ya rangi.

"Mie Kiingereza nakisoma, Dada," alisema. "Nilisoma kwa wamisionari. Sikuitazama kwa sababu miaka yote wewe ndiye unayenisomea. Nilizoea."

Nilitamani angenitukana.

Tulikwenda pamoja Manzese kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, kwa wakili mwanamke mwenye feni moja na mafaili mengi. Sikilizeni alichotuambia, kwa sababu mtaulizwa na wateja, nami si mwanasheria, narudia tu. Alisema wito si fadhila ya kiwanda. Ni kukiri kwa maandishi kwamba kitu kilichouzwa kina kasoro. Muuzaji hajamaliza wajibu wake kwa kumwonya mnunuzi. Anatakiwa atengeneze, au abadilishe, au arudishe fedha, na afanye hivyo katika muda unaoeleweka, siyo "bado, bado." Mwenye gari aandike barua, asiridhike na maneno ya mapokezi. Abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Aulize kwa maandishi kama gari ni salama kuendeshwa, na jibu alitunze kama hati ya kiwanja. Akipuuzwa, apeleke malalamiko kwenye ofisi ya serikali inayosimamia haki za walaji, na awaarifu watu wake wa bima pia.

"Na fomu?" nikauliza.

"Fomu ndiyo itakayobishaniwa. Swali ni kama alijua anachokiachia. Kuna shahidi?"

Bwana Swaleh hakunitazama. Alikuwa anaangalia feni.

"Nipo," nikasema.

Kikao cha usuluhishi kilikuwa kwenye chumba kidogo, meza ndefu, chupa za maji. Upande mmoja Bwana Swaleh na wakili wake. Upande wa pili wakili wa kampuni na meneja wangu, ambaye asubuhi ile alikuwa amenisalimia vizuri kabisa. Mimi niliwekwa kwenye kiti kilichokuwa mwisho wa meza, kisicho cha upande wowote. Msuluhishi, mama mtu mzima, aliniuliza nilimwambia nini mteja.

"Kwamba ni ya kupokea taarifa tu."

"Ulimsomea?"

"Hapana."

"Kwa nini? Hapa mteja anasema huwa unamsomea kila kitu."

"Kiingereza changu kinaishia kidato cha pili," nikasema, "na hicho cha kidato cha pili nacho nimekisahau. Niliona haya."

Wakili wa kampuni akainua kalamu. "Kwa hiyo miaka yote hiyo kampuni iliweka mapokezi mtu asiyejua anachosainisha?"

"Miaka yote nilijua," nikamjibu. "Fomu hii tu."

Meneja aliinamisha kichwa akaanza kubandua karatasi ya chupa ya maji. Aliibandua yote.

Fomu iliwekwa kando. Makubaliano yakaandikwa: gari la Bwana Swaleh libaki yadi kwetu, apewe jingine la aina ileile lisilohusika na wito, na kama spea haitafika ndani ya miaka mitatu, kampuni imrudishie fedha yake. Msuluhishi alisoma makubaliano kwa sauti, Kiswahili. Alipomaliza sikumsikia akiuliza "Ndivyo?" lakini Bwana Swaleh alijibu hata hivyo.

Siku walipokuja kuchukua gari la kuazima, Bi Zuhura alizunguka taratibu, akafungua mlango wa mbele kushoto mwenyewe, akakaa, akavuta kiti mbele mpaka magoti yakakaribia dashibodi. Alikuwa mfupi, tena alipenda kufikia kila kitu. Akafungua mkoba akatoa chungwa. Hawakunipungia mkono, walikuwa wanabishana kuhusu njia ya kupita. Nimeona magari mengi yakitoka getini. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa rangi yake.

Kuhusu yaliyonipata baadaye nitaandika kifupi. Hawakunifukuza. Nilihamishiwa chumba cha kadi za zamani, nyuma ya stoo ya spea, nizipange kwa namba za chesesi. Wenzangu hawakunisema vibaya, waliacha tu kukaa karibu nami. Kwenye chai, benchi langu lilibaki na nafasi. Nadhani waliogopa, na wengine walikuwa na fomu zao wenyewe za kufikiria. Miaka miwili nilisoma kadi, na kwa kuwa hapakuwa na mtu, nilizisoma kwa sauti. Nilikutana na mwandiko wa Mzee Mkude, aliyekwisha kufariki zamani. Nilikutana na "likishiba." Nilijifunza pia Kiingereza cha zile fomu, kwa kamusi ya Tito ya sekondari, neno moja kila siku. Umri ule maneno hayaingii, yanabisha hodi na kuondoka.

Humo pia nilipata kazi ambayo hakuna aliyenituma. Madereva wa magari yaliyoletwa yakiwa yametumika nje walipita dirishani kwangu kuniuliza. Hao hakuna anayewaita, kwa sababu jina lao haliko kwenye orodha ya kiwanda, na onyo lililobandikwa kwenye kizuia jua limeandikwa kwa lugha ambayo hakuna Temeke nzima anayeisoma. Niliwatafutia, kwa namba ya chesesi, kama gari lao limo kwenye wito. Mwambieni mtu ukweli hata kama hakununua kwenu. Haki yake kwa aliyemuuzia ni ngumu zaidi kuipata, lakini kiti cha kukikwepa atakijua siku hiyohiyo.

Nilistaafu. Waliniandalia soda na keki. Wadogo zangu walituma ujumbe, wote watatu, saa moja ileile, nikajua wamekumbushana.

Bi Zuhura alifariki mwezi wa pili baada ya hapo. Nilikwenda msibani, nikakaa na wanawake ndani, sikumwona Bwana Swaleh. Kisha juzi juzi simu ikalia.

"Dada, spea imefika. Walipiga simu wenyewe. Gari wameniletea mpaka nyumbani, kuna karatasi ya kukabidhiana. Njoo unisomee."

"Bwana Swaleh, wewe Kiingereza unakijua kuliko mie."

"Najua. Sisaini mpaka unisomee."

Nilikwenda. Fundi aliyelileta alikuwa anangoja barazani, amesimama na funguo. Nilimsalimia Bwana Swaleh, nikavaa miwani, nikasoma neno kwa neno, Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili. Mahali pawili nilikwama. La kwanza alinisaidia kulitamka. La pili hatukulijua wote wawili, tukamuuliza fundi, naye akampigia simu meneja. Karatasi haikumnyang'anya kitu: mfuko wa hewa umebadilishwa, gari ni salama, la kuazima linarudishwa. Nikafika mwisho.

"Ndivyo?"

Aliangalia nje, gari lilipoegeshwa. Nikangoja. Fundi akabadilisha mguu wa kusimamia. Nikaendelea kungoja.

"Ndivyo," akasema, akachukua kalamu.

Fundi aliondoka na gari la kuazima. Bwana Swaleh akasema atanipeleka nyumbani, ni lazima alijaribu gari lake. Kwa mazoea nikafungua mlango wa nyuma.

"Mbele, Dada. Tumeshitakiana kwa ajili ya kiti hicho."

Nikakaa mbele. Kiti kilikuwa kimerudishwa nyuma kabisa, bila shaka na fundi aliyekuwa akifanya kazi kwenye dashibodi. Bwana Swaleh aliinama upande wangu, akashika kile chuma cha chini, akakisogeza kiti mbele, mbele, mpaka alipopazoea. Kisha akasimamisha mkono.

"Miguu inakutosha?" akauliza.

Nikamwambia inatosha. Magoti yaligusa dashibodi mpaka Kinyerezi.